Tupeane uzoefu: kupima nafasi ya mwombaji wa baiolojia kwenye vyuo vya Marekani vyenye mchujo mkali

Mpima_Udongo
Wadau, "ana GPA (wastani wa alama za shule) 3.9 na SAT (mtihani wa kuombea vyuo) 1500, atapata?" ni swali lisilojibika. Fungua Common Data Set ya chuo chenyewe, ile fomu ya takwimu ambayo chuo hutoa kila mwaka. Sehemu ya C1 ina waombaji na waliokubaliwa, wanaume peke yao na wanawake peke yao. C7 inasema chuo kinathamini nini. C9 ina alama za SAT za walioingia. Chuo kisicholazimisha mtihani, zile ni za waliotuma tu, kwa hiyo zimepanda. Na alama za juu kabisa hazimalizi kazi: kwa walioingia 2024, Harvard ilipata maombi 54,008, ikakubali 1,937.

Binti_Hadubini
Kweli kabisa. Na someni C1 kwa jinsia: Brown hukubali asilimia kubwa zaidi ya wavulana, MIT ya wasichana.

Kokotoa
Vyuo kumi vya 5% kila kimoja: 0.95 kwa kipeo cha 10 ni karibu 0.60. Nafasi ya kupata angalau kimoja ni 40%. Ombeni vingi.

Mpima_Udongo
Mkuu, hiyo ni hesabu ya kete. Hapa insha kuu ni ileile, barua za walimu zilezile, matokeo yaleyale. Udhaifu unaomwangusha chuo cha kwanza unamfuata hadi cha kumi.

Kokotoa
Bado ni zaidi ya 5%.

Mpima_Udongo
Zaidi ndiyo, 40 hapana. Na kila chuo kina insha zake za nyongeza. Kumi zilizolipuliwa hazifikii nne zilizoandikwa kwa utulivu.

Shangazi_Fomu
Kuhusu Early Decision (ED), lile ombi la mapema linalokufunga kujiunga ukikubaliwa, kuna kisa kimenirudia kichwani na kinaniuma mpaka leo. Msichana wa baiolojia, matokeo safi, alitumia kikokotoo cha gharama cha chuo kikamwambia familia italipa kiasi inachokimudu. Akaomba ED, Desemba akakubaliwa. Wazazi wake wameachana. Kikokotoo kiliuliza kipato cha mama tu, lakini chuo kilitaka CSS Profile (fomu ya kipato na mali ya kuombea msaada) ya baba pia, ambaye hawajaongea miaka sita. Msaada ukakatwa. Chuo kinaweza kukuachilia kwa sababu ya fedha, na kilimwachilia, ila mwishoni mwa Januari, wakati milango ya vyuo vingine vingi imefungwa. Wazazi wakiwa wameachana, au wana biashara yao au nyumba ya kupangisha, usikiamini kikokotoo. Andikia ofisi ya msaada Septemba, upate jibu kwa maandishi.

Binti_Hadubini
Masikini mtoto wa watu.

Kokotoa
Lakini ED ndiyo inayoongeza nafasi!

Mpima_Udongo
Hesabu vizuri. Mfano wa kubuni: maombi 30,000, waliokubaliwa 3,000, unaona 10%. C21 inasema ED waliomba 3,000, wakakubaliwa 1,000: 33%. Waliobaki ni 2,000 kati ya 27,000, yaani 7.4%. Ila ndani ya wale 1,000 wamo wanamichezo walioitwa na makocha. Asiye mwanamichezo asijipe 33%.

Shangazi_Fomu
Asiyeimudu gharama asiiguse kabisa.

Mlango_wa_Pili
Mnasahau fani. Cornell ina baiolojia kwenye milango miwili: kitivo cha Kilimo na Sayansi za Viumbe, na kile cha Sanaa na Sayansi. Unachagua mmoja, na insha zake ni tofauti. Kile cha kilimo kina mkataba na jimbo la New York, mkazi hulipa ada ndogo. University of California haiangalii SAT kabisa wala haina ED. Unajibu maswali manne kati ya manane, maneno 350 kila moja.

Binti_Hadubini
Na kwenye Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, shughuli ni kumi, maelezo herufi 150 kila moja. "Nilisaidia maabara" inapoteza nafasi. "Nilihesabu dafnia (vijidudu vya majini) kwenye sampuli 60, wiki 12, nikachora mchoro wa idadi yao" inaonyesha kazi. Na asiache fizikia kwa kuwa anasoma viumbe. Kamati inapokea maelezo ya shule, inaona masomo magumu yaliyokuwepo akayakwepa. Ambayo shule haina, hadaiwi.

Kokotoa
C21 ikiwa tupu?

Mpima_Udongo
Angalia kwanza kama chuo kina ED. Cha Early Action pekee, yaani ombi la mapema lisilokufunga, huwezi kukihesabu hapo. Kama kinayo na hakikujaza, tafuta ya mwaka uliopita.