Mtoto wa kulea kwenye bima: nimuingize kwa njia gani?

UkhtiFuoni
Assalamu alaykum. Nina mtoto wa kulea wa miaka 6, yatima wa jirani yetu, yuko kwangu tangu ana miaka 2. Kula kwangu, kulala kwangu, skuli na chuo cha Qur'ani nampeleka mimi. Ana pumu, na ikimkamata usiku nakaa naye kitako mpaka alfajiri. Hotelini anapofanya kazi mume wangu wana bima ya afya. Tulipopeleka fomu, karani aliweka kidole kwenye cheti cha kuzaliwa, pale penye jina la baba, akasema, "Huyu si wenu." Mtoto alikuwa papo hapo, amenishika buibui.

Nina njia tatu: tung'ang'anie hapo kwa mume wangu, nimuingize kwangu maana mimi niko serikalini, au nimkatie bima ya peke yake. Ipi nafuu? Na kwenye bima ya nyumba, anahesabiwa mkaazi au mgeni?

Mpemba_Wete
Waalaykumu ssalaam, pole dada. Mimi nilikwenda na barua ya sheha. Skuli waliipokea, bima wakaikataa. Sheha anathibitisha mtoto anaishi wapi, hathibitishi nani mlezi wake kisheria.

Wakala_Darajani
Kasema kweli huyo. Mkaazi na mtegemezi ni vitu viwili. Bima ya nyumba huangalia nani anaishi humo, ya afya huangalia nani anakutegemea kisheria: mke au mume, watoto wa kuzaa, na wengine kwa hati. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa mkaazi wa nyumba yako na bado asiwe mtegemezi wako.

Nikizilinganisha njia zako, ya tatu ndiyo dhaifu, na sababu ni pumu. Bima ya mtu mmoja mmoja huuliza maradhi aliyokuja nayo, na hapo utakuta muda wa kusubiri, au hiyo pumu yenyewe imewekwa nje ya bima. Utalipa halafu usiku wa shida utoe pesa mfukoni. Bima ya kikundi mara nyingi huwa laini zaidi kwa maradhi ya zamani, kwa sababu hatari inagawanywa kwa wengi. Lakini mwenye mkataba ni mwajiri, si mumeo. Amuone afisa utumishi, mwajiri ndiye aiandikie kampuni kuomba karatasi ya nyongeza yenye jina la mtoto. Karani wa dirishani hana uwezo huo.

Kwako wewe wa serikalini, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uliundwa kwa sheria ya 2023, na hapo kinachosomwa ni kanuni. Kote kuwili utaulizwa hati ya ulezi. Anzia Ustawi wa Jamii, mutajie Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011. Mimi ningeanza na hati kabla ya kuchagua njia.

Kaka_Mtoni
Kwa nini musibadilishe cheti tu, liandikwe jina la mumeo? Wengi wanafanya.

MwalimuWaChuo
Ndugu yangu, hilo usimshauri mtu. Suratul Ahzab, aya ya 5, imesema watoto hawa waitwe kwa baba zao. Kumlea yatima ni jambo tukufu, kumvua nasaba yake ni jambo jengine. Mkitaka apate kitu mutakapoondoka, hatorithi, lakini anaweza kuusiwa mpaka thuluthi ya mali.

Wakala_Darajani
Na kibima pia ni hatari. Uongo kwenye fomu huipa kampuni nafasi ya kuuvunja mkataba, na atakayekosa matibabu siku hiyo hatokuwa mtoto peke yake.

Mzenji_Ohio
Huku Marekani jambo hili limeandikwa ndani ya mikataba. Bima ya nyumba ya kawaida inamkinga mwenyewe, jamaa zake wanaoishi nyumbani, na yeyote wa chini ya miaka 21 aliye katika uangalizi wake. Mtoto wa kulea anaingia hapo. Ya gari inamtaja kabisa kuwa ni mwanafamilia, akiwa anaishi nyumbani.

Lakini kuna upande wa pili. Akiunguza kitu cha jirani, bima inakusimamia. Akianguka ngazini nyumbani kwako akavunjika mkono, ile sehemu inayolipa watu walioumia kwako haimlipi, kwa sababu na yeye amehesabiwa miongoni mwa wenye bima. Kwa hiyo, dada, kwenye bima ya nyumba usiulize tu kama anahesabika. Uliza akihesabika anapata nini na anakosa nini.

UkhtiFuoni
Nimefahamu, ahsanteni sana. Cheti sitokigusa. Marehemu baba yake alikuwa akitupitishia samaki kila Ijumaa, jina lake litabaki pale pale. Jumatatu naenda Ustawi, na mume wangu anamuona afisa utumishi.

Wakala_Darajani
Wakikataa tena, mumeo aombe jibu kwa maandishi, lenye tarehe. TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, wana ofisi Unguja, lakini ukienda na "karani alisema" tu, malalamiko yako hayatofika mbali. Na kadi ikitoka, angalieni kama dawa ya kuvuta ya pumu imo kwenye orodha.