Tupeane uzoefu: taa ya eabegi iliyogoma kuzima, wewe ulikuta nini?

Wakuu salaam. Aliyewahi kusumbuliwa na taa ya eabegi (airbag, ule mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali) naomba aseme mwishoni alikuta nini. Naona wengi wanaendesha nayo ikiwaka mwaka mzima kwa sababu gari linatembea vizuri, na hilo linaniumiza. Taa ikiwaka, siku ya ajali eabegi inaweza isifunguke kabisa.

Naanza mimi. Axio ya 2008. Ilikuwa inawaka nikikata kona, na wiki hiyohiyo honi ikawa inalia nikiibonyeza usukani ukiwa umenyooka tu, ukiukata kushoto kimya. Fundi wa kwanza alikuja na kile kisomeo kidogo cha injini, akaniambia gari halina tatizo. Wa pili alikuwa na mashine inayoingia mpaka kwenye mfumo wa eabegi, ikatoa namba ya hitilafu B1801, yaani saketi ya eabegi ya dereva imekatika. Akataka tununue eabegi nyingine. Nikamuuliza, na honi je? Maana honi na eabegi ya dereva vyote vinapita kwenye ule utepe wa waya ulioviringishwa nyuma ya usukani. Tulipoufungua tulikuta umekunjika pale unapotokea kwenye kikombe chake, njia mbili zimepasuka: ukiunyoosha zinaachana, ukiuachia zinagusana. Tukabadilisha utepe tu. Eabegi ni ileile mpaka leo.

Fundi umeme, Morogoro
Mkuu umesema vema, ila niongeze kitu kabla mtu hajaumia. Msipime eabegi yenyewe kwa mita ya om. Mita inapitisha umeme kidogo, na umeme huohuo unaweza kuilipua usoni mwako. Mimi nachomoa waya hasi wa betri, nasubiri sekunde 90, maana boksi la eabegi (kompyuta inayoiongoza) lina kapasita zinazotunza umeme hata betri ikiwa nje. Halafu nachomoa soketi ya eabegi na kuweka rezista ya om 2 mahali pake ili boksi lidhani eabegi ipo, narudisha betri, nafuta namba, nasoma upya. Hitilafu ikiondoka, mbaya ni eabegi. Ikibaki, shida iko kwenye utepe, waya au boksi, na hapo nahamisha rezista soketi kwa soketi kurudi nyuma.

Msiibadilishe eabegi kwa sababu tu namba imeitaja. Namba inataja saketi nzima.

Mmiliki wa Noah, Mbeya
Mimi kwangu ilikuwa chini ya siti. Niliosha kapeti, nikasukuma siti mbele na nyuma mara kadhaa wakati wa kukausha, jioni taa hiyo. Kule chini kuna soketi za njano, moja ilikuwa imelegea na pini zina ukungu wa kijani. Fundi alizisafisha, akaibana mpaka ikalia "tak". Shilingi elfu kumi tu, wakati nilishaambiwa boksi limekufa.

Fundi umeme, Morogoro
Dada, soketi hizo za njano zina kibati ndani kinachounganisha pini mbili ukizichomoa, ili umeme tuli usiilipue eabegi. Isipoingia mpaka mwisho kibati hakiachii, na mashine inasoma shoti. Kwa hiyo namba ya shoti, kabla ya kugusa kingine chochote, bana soketi.

Kutoka Mombasa
Langu ni la uchungu. Nilinunua gari kwa mtu, taa haikuwahi kunisumbua. Mwaka wa pili ndipo fundi akaniuliza mbona ukiwasha swichi taa ya eabegi haizimi yenyewe, inasubiri izime pamoja na ya oili. Inatakiwa iwake sekunde 6 hivi kisha izime. Tukafungua dashibodi, tukakuta waya wake umeunganishwa na wa taa ya oili ili zizime pamoja. Na upande wa abiria eabegi hamna, kuna rezista imefungwa kwa utepe mweusi. Watoto wangu walikuwa wakikaa pale. Tafadhalini, mkienda kukagua gari, washeni swichi muitazame hiyo taa peke yake: iwake, izime, wala isizime sambamba na nyingine.

Mchangiaji, Tanga
Wenye magari ya Japani ya miaka ya 2000, angalieni pia namba ya chesesi kwenye tovuti ya kiwanda, kama gari limeitwa kubadilishiwa eabegi. Baruti za kufungua eabegi za Takata (kampuni ya Japani iliyotengeneza eabegi) ziliharibika zaidi kwenye joto na unyevu, na sisi wa pwani tunavyo vyote viwili. Hizo haziwashi taa yoyote.

Mwenye Vitz, Ubungo
Naombeni msaada. Nimebadilisha utepe wa usukani wiki iliyopita, taa ikazima, jana imerudi na namba ileile.

Fundi umeme, Morogoro
Uliuweka katikati? Matairi yanyooke, uzungushe taratibu kinyume cha saa mpaka ugome, kisha urudishe kama mizunguko 2 na nusu mpaka alama zikutane. Ukifungwa umeegemea upande mmoja, siku ukikata kona hadi mwisho unajivuta na kukatika.

Mwenye Vitz, Ubungo
Fundi aliuweka tu na kufunga usukani. Nimeufungua sasa hivi, umekatika mwishoni kabisa. Naenda kutafuta mwingine, safari hii nasimama hapohapo akiuhesabu.