Kingamwili ya kipokezi cha LDL inatoa mistari miwili: upi ndio wa kweli?

Mwanagenzi wa Maabara

Salaam wanajamvi. Ninapima kipokezi cha LDL, ile protini ya utando wa seli inayonasa chembe zinazobeba kolesteroli na kuziingiza ndani, katika seli za ini za HepG2. Kingamwili ya kwanza ninayotumia ni poliklonali (mchanganyiko wa kingamwili zinazoshika sehemu mbalimbali za protini) ya sungura, nayo kwenye westan bloti, yaani kipimo kinachotenganisha protini kwenye jeli kwa ukubwa kisha kuzitambua kwa kingamwili, hunipa mstari mzito karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 160 na mwingine hafifu karibu na 120, ilhali uzito unaokokotolewa kutokana na jeni ni takriban 95 tu. Ya pili ni monoklonali (kingamwili ya aina moja tu) inayolenga sehemu ya nje ya kipokezi. Hiyo kwenye bloti haionyeshi chochote, na kwenye saitometri ya mtiririko, inayopima mwanga wa kingamwili kwenye seli moja moja, mwanga wake unakaribiana na ule wa kingamwili linganishi isiyolenga kipokezi. Seli huzibandua kwenye chombo kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini. Msimamizi wangu anataka tubaki na moja. Niiamini ipi?

Mzee wa Protini

Ndugu, huenda mistari yote miwili ni ya kipokezi chenyewe. Kikiwa kichanga huonekana kwenye jeli kama kilodaltoni 120, kisha kikipita Golgi (sehemu ya seli inayokamilisha protini) minyororo yake ya sukari hukamilishwa na mstari hupanda hadi 160. Haya yalikwisha kuelezwa na kundi la Brown na Goldstein kule Dallas, waliotunukiwa Nobel mwaka 1985.

Kuhusu monoklonali, ningeanza kutilia shaka bafa ya sampuli (mmumunyo wa kuandalia protini) kabla ya kingamwili. Sehemu inayonasa LDL ina vipande saba vinavyofanana, na kila kimoja kina sisteini (aina ya asidi amino) sita zilizofungana kwa vifungo vitatu vya disulfidi. Ukitia DTT, kemikali ya kuandalia sampuli, vifungo hivyo hukatika, umbo hupotea, na kingamwili inayotambua umbo hukosa pa kushika. Hata C7, monoklonali ya zamani ya kundi hilo hilo, inataka jeli isiyo na DTT. Jaribu hivyo, wala usichemshe sampuli. Ila mstari utauona karibu na 130, kwa kuwa protini iliyobaki imejikunja hukimbia zaidi, kwa hiyo usije ukadhani umepata kitu kingine.

Bi. Saitometri

Kwa upande wa saitometri, tatizo ni tripsini. Inakatakata protini zilizo nje ya seli, na hiyo ndiyo sehemu unayoitafuta. Bandua seli kwa EDTA, kemikali isiyokata protini. Halafu umezikuza katika seramu gani? Seramu ya kawaida ina LDL, na seli iliyoshiba kolesteroli hupunguza vipokezi vyake. Zilaze usiku kucha katika seramu iliyoondolewa lipoprotini, pamoja na statini (dawa ya kupunguza kolesteroli), ukilinganisha na seli zisizotendewa hivyo. Kingamwili nzuri itaonyesha tofauti.

Mzee wa Protini

Nakubaliana nawe, Bi. Saitometri, isipokuwa EDTA hunyakua kalsiamu, na vile vipande saba hushika umbo lake kwa msaada wa kalsiamu. Baada ya kubandua, aoshe seli na kuzitia kingamwili katika bafa yenye kalsiamu, la sivyo atakuwa ameondoa kikwazo kimoja na kuleta kingine.

Bi. Saitometri

Sahihi, ingawa kalsiamu ikirudi seli hupenda kugandana, hivyo zichujwe kabla ya kuingia kwenye mashine.

Mwanagenzi, kuongezeka kwa mstari baada ya statini ni dalili njema, lakini ushahidi mzito zaidi ni seli zilizozimwa jeni ya LDLR, yaani ya kipokezi hiki: mstari utakaobaki humo si wa kipokezi. Kisha umweleze msimamizi kwamba kingamwili hizi zinajibu maswali mawili tofauti. Bloti ya seli nzima inapima kipokezi chote, pamoja na kile ambacho hakijafika juu. Saitometri ya seli zisizotobolewa inapima kilicho kwenye utando pekee. Kama utafiti wenu unagusa PCSK9, protini inayosababisha vipokezi vya juu vipelekwe kuvunjwa, mtazihitaji zote mbili.