Tupeane uzoefu: safari ndefu za ndege, kilomita na saa za angani

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii ni ya waliowahi kukaa angani tangu jua linachomoza mpaka linazama. Wengi tukipanga safari ya mbali tunauliza umbali tu. Kwangu swali kubwa ni hili: ndege itapita wapi, na upepo unavuma kuelekea wapi?

Nianze mimi. Dubai hadi Los Angeles ni kama kilomita 13,400. Kwa ramani ya ukutani nilitegemea tungekwenda magharibi moja kwa moja tukavuka Atlantiki. Kwenye skrini ya kiti, kindege kikawa kinapanda tu kaskazini, na baada ya saa kadhaa dirishani ni barafu tupu, nyeupe, yenye nyufa ndefu za maji meusi. Chukua tufe uvute uzi kati ya miji hiyo miwili, utaona unapita jirani na Ncha ya Kaskazini. Ramani bapa inatanua sana maeneo ya huko juu, ndiyo maana njia fupi inaonekana kama mzunguko. Haya, karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Singapore hadi New York, mkuu. Zaidi ya kilomita 15,300, saa 18 na ushee bila kutua. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna viwanja viwili vinavyoweza kupishana zaidi ya 20,000 hivi. Hapo umeshamaliza robo tatu ya umbali huo! Ushauri wangu: inuka utembee, miguu inavimba kweli. Na hewa ya ndani ni kavu mno, kunywa maji hata kama huna kiu.

Mchangiaji wa pili: Umbali haudanganyi, ila upepo ndio mwenye saa. New York na London ni kilomita 5,500 na kitu. Kwenda mashariki nilitumia saa sita na nusu, kurudi karibu nane, maana huko juu kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya abiria ilivuka kwenda London chini ya saa 5.

Mchangiaji wa tatu: Mimi ni Helsinki na Tokyo. Zamani ilikuwa saa tisa na nusu hivi, unapita juu ya Urusi. Tangu anga hiyo ifungwe mwaka 2022 ni kama saa 13. Viwanja havijasogea hata hatua moja! Inaniuma, maana wazazi wangu wazee wako upande wa pili, na saa hizo za ziada wanazisikia mgongoni kila wakija kututembelea.

Mchangiaji wa nne: Auckland hadi Los Angeles, kilomita 10,400 na ushee. Niliondoka Jumanne saa mbili usiku, nikatua Jumanne hiyohiyo mchana, kwa kuwa tulivuka mstari wa tarehe, ule wa kufikirika katikati ya Pasifiki ambao ukiuvuka kwenda mashariki unarudi siku moja nyuma. Unayekwenda kupokea mgeni, soma tarehe ya kutua kwenye tiketi, usihesabu kichwani.

Mleta mada: Asanteni sana. Aliyeruka Sydney hadi Santiago, ile njia ya kusini kabisa, atuambie: barafu ya Antaktika inaonekana dirishani?