Tupeane uzoefu: kuvua samaki aina ya trauti kwenye mto Grand, katikati ya mji wa Grand Rapids, Michigan, Marekani, Machi na Aprili

Ngazi_ya_Samaki: Wakuu, barafu imeachia na trauti wa Ziwa Michigan wanapanda kutaga hadi bwawa la Sixth Street, ule ukuta unaokatiza mto hapa mjini. Tuandike maji yakoje yanapofaa, chambo gani, na makosa yanayowanyima watu samaki. Picha za kujisifu zina uzi wake, hapa vipimo tu.

MajiYanashuka: Kipimo cha kina cha mto cha USGS (shirika la serikali ya Marekani linalopima mito) cha hapa mjini kiangalie kabla hujatia gari mafuta. Namba ya leo peke yake haikwambii kitu, tazama mstari wa siku tano. Maji yanayopanda ni hasara: matope, majani, vijiti, mshipi unajaa takataka na samaki wanajibanza kando. Yakishuka siku ya pili au ya tatu, rangi ikatoka kwenye chai ya maziwa ikaelekea kijani, ndio wakati. Bila simu: simama maji ya magotini, ukiona ncha ya buti lako, vua.

Wengi wanashindwa kuelewa kwa nini mto unapanda siku ya jua. Grand unatoka upande wa Jackson, unapita Lansing, ndipo ufike kwetu. Mvua ya mjini huchafua maji ndani ya saa chache kupitia mifereji ya barabarani, kisha yanatulia. Siku chache baadaye yanafika ya juu, mto unapanda mara ya pili.

Joto la maji: chini ya nyuzi 4 za Selsiasi trauti hafukuzi kitu, chambo lazima kimpitie mdomoni. Kati ya 5 na 9 anakula vizuri. Theluji ikiyeyuka kwa wingi mto hupoa, hata kama nje watu wamevua makoti. Mvua ya vuguvugu ndiyo inayowapandisha.

Chubwi: Mtego wa boya: mshipi mkuu wa ratili 12 (uzito unaohimili kabla ya kukatika), kipande cha chini cha ratili 8, urefu sentimita 50. Maji machafu, tumia cha 10. Ndoano namba 8. Risasi ndogo za kuzamisha mshipi zipange kubwa juu, ndogo chini, ili chambo kitangulie. Chambo kiwe sentimita 15 hadi 20 juu ya changarawe. Boya likizamazama kila mara, chambo kinagusa chini, umezidisha kina. Lisipozama kabisa, ongeza.

Chambo ni mayai ya trauti au salmoni, punje 6 hadi 10 ndani ya kitambaa cha wavu, umefunga kwa uzi wa mpira. Maji ya kijani, kifuko kidogo cha waridi iliyofifia. Maji machafu, kikubwa cha rangi ya machungwa kali.

Kosa kubwa: juu maji yana kasi kuliko chini, kwa hiyo boya linakimbia na kuburuta mayai. Lizuie kidogo kwa fimbo, liende taratibu kuliko mapovu yaliyo jirani.

MajiYanashuka: Nyongeza kwa Chubwi. Mapema Machi vipete vya fimbo, vile mshipi unamopita, vinaganda. Chovya fimbo mtoni. Ukivunja barafu kwa kidole utang'oa kipete.

Gambuti: Chini ya ukuta wa bwawa maji yanajizungusha na kumrudisha mtu ukutani, hata mwenye boya la kuvaa. Kaeni mbali. Ukitembea mtoni tumia fimbo ya kupimia na mkanda kiunoni juu ya suruali ya mpira, isijae maji. Aprili 2013 mto huu ulifika futi 21.85, wakati mafuriko yanahesabiwa kuanzia 18, usiuzoee. Changarawe iliyong'aa kuliko nyingine ni kiota cha mayai, usiikanyage. Samaki aliyenasa ubavuni au mkiani arudishwe hapo hapo, ndiyo sheria ya jimbo. Leseni ya mwaka inaanza 1 Aprili. Ya mwaka jana inakufa 31 Machi, na watu wanakamatwa kwa hilo tu.

Sufuria: Kwa jikoni: soma mwongozo wa Idara ya Afya ya Michigan kuhusu samaki wa kuliwa, unataja mto kwa mto. Kutoa ngozi na mafuta ya mgongoni na tumboni hupunguza sumu za PCB. Zebaki na PFAS (kemikali za viwandani zisizooza) zimo kwenye nyama yenyewe, kisu hakizitoi, kwa hiyo punguza idadi ya milo. Samaki mwingine, aitwaye sucker, yule wa mdomo wa chini anayefyonza, ambaye Wamarekani wengi wanamdharau, ana nyama tamu na miba isiyoisha: mchanje kila milimita 3 bila kukata ngozi, tia chumvi na ndimu, kaanga kwenye mafuta mengi yaliyochemka sawasawa. Miba midogo inakauka unaitafuna.