Toyota 86 ya barabarani na ya mbio, niko Malindi: nianze kupunguza kilo wapi?

Barani86:

Assalam aleikum ndugu zangu, na shikamooni mafundi wakubwa.

Nina Toyota 86 GT ya mwaka 2013, gia za mkono. Nakaa Malindi, mtaa wa Barani, na hili ndilo gari langu la kila siku. Ndilo linalompeleka mama sokoni, ndilo la Watamu, ndilo la Mombasa. Ila nalipenda zaidi pale ninapolikimbiza mahali panaporuhusiwa. Nimeshalifikisha kwenye kiwanja cha Whistling Moran kule Athi River, na nia yangu sasa ni kujiandikisha kwenye mashindano ya magari ya Kiamburing. Lori la kulibeba sina. Linakwenda kwa magurudumu yake, kilomita kama 600 mpaka Nairobi, linashindana, halafu linanirudisha nyumbani.

Turbo siitaki. Injini ni nzima na nataka ibaki nzima. Ninachotaka ni gari jepesi, linalokata kona na kushika breki vizuri. Wenzangu wananishauri nitoe eisii (kiyoyozi), nikwangue ile lami ya kuzuia kelele sakafuni, niagize boneti ya kaboni, nifunge viti vya mashindano na mikanda ya pointi nne, na spea niiache nyumbani kabisa. Aliyekuwa nalo kabla yangu ameacha sanduku kubwa la besi kwenye buti.

Fedha yangu ni ya kuungaunga, siwezi kufanya yote. Naomba mnieleze kilo zipi zitoke kwanza na zipi nisiziguse, mkikumbuka joto la huku kwetu na chumvi ya bahari.

Fundi wa Kisumu Ndogo:

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Umeuliza vizuri kwa sababu umesema gari linafika lenyewe uwanjani. Hilo neno moja linabadilisha majibu yote. Wengi wanaokushauri wanaiga magari yanayobebwa na trela, na gari la trela halikutani na lori la kontena usiku pale Taru.

Kabla ya spana, tafuta mizani. Ile ya kuning'inia ya wanunuzi wa korosho inatosha kabisa. Kila unachokifungua kipime, andika kwenye daftari uzito wake na kama kinakaa mbele au nyuma ya gari. Bila daftari utajikuta umetoa vitu vingi na gari haliko jepesi, maana mtu hutoa kinachofunguka kwa urahisi na kukiacha kile kizito.

Halafu fahamu hili. Toyota wenyewe walishaifanya kazi unayoiwaza. 86 ilipoingia sokoni Japani mwaka 2012 kulikuwa na daraja la RC, lililokusudiwa watu wa kulijenga kwa mashindano. Halikuwa na eisii, bampa zake hazikupakwa rangi, na rimu zilikuwa za chuma za inchi 16. Lile lilikuwa na kilo 1,190. GT kama lako lina 1,230. Yaani kiwanda kimevua yote hayo kikapata kilo 40. Wewe ukivua eisii peke yake utapata sehemu tu ya hizo 40, na utailipia kila siku. Eisii ya Malindi si anasa. Masika vioo vinafunga ukungu ndani, na kinachoukausha ni hiyo hiyo eisii. Tena dereva aliyekaushwa na jua kutoka Mombasa mpaka Voi atafika uwanjani amechoka, na uchovu wake utampotezea muda mwingi kuliko hizo kilo. Usiiguse.

Boneti ya kaboni nayo iache. Boneti ya 86 ni ya aluminiamu tangu kiwandani. Nimeona kijana ameiondoa akatengenezewa ya faiba na mafundi wa boti wa huku. Mafundi hodari kweli, lakini boti hutakiwa kuhimili mawimbi, kwa hiyo mkono wao umezoea kuweka matabaka mengi. Tulipoitundika kwenye mizani ya faiba ilikuwa nzito kuliko ya aluminiamu.

Na ile lami ya sakafuni, mwanangu, nakuomba uiache ilipo. Ukiikwangua kwa moto na patasi utachubua rangi chini yake, na hewa ya bahari haisubiri. Kilo utakazopata ni chache, kutu utakayopata ni ya kudumu.

Sasa za kutoa. Mimi huzigawa mara mbili. Kuna kilo zinazotoka moja kwa moja, na kuna kilo zinazoshushwa kwa mkono ukishafika uwanjani, zikarudishwa jioni. Sanduku la besi linatoka leo, halirudi. Spea, jeki na spana zake hufika kama kilo 16, na hizo zisafiri nawe mpaka Athi River, kisha uziteremshe kabla ya kuingia kiwanjani. Kiti cha nyuma pia, mgongo na kikalio, ni kama kilo 15 na hufunguka kwa boliti chache. Mazulia yashuke, mizigo ishuke, na pembetatu za dharura zirudi ndani kabla hujaingia tena barabarani, askari wataziulizia.

Petroli wengi huisahau. Tangi la 86 ni lita 50, na lita moja ina karibu robo tatu ya kilo. Tangi lililojaa ni kilo 37. Ingia kiwanjani na nusu tangi umeshapunguza 18 bila kugusa boliti. Ila usishuke chini ya robo, kwenye kona ndefu mafuta hukimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa.

Fedha yako ya kuungaunga ipeleke kwenye magurudumu. Hapa ndipo sitanii. Kilo iliyo kwenye mwili wa gari injini huisukuma mbele tu. Kilo iliyo kwenye gurudumu husukumwa mbele na tena huzungushwa, na kadiri ilivyo mbali na ekseli ndivyo inavyogharimu zaidi. Ile ya ukingoni kabisa, kwenye tairi, injini na breki huihisi karibu kama kilo mbili. Juu ya hayo, gurudumu halibebwi na springi. Likipiga tuta la Gede au shimo la Matsangoni, shokabsoba ndiyo inayopambana kulirudisha chini, na tairi likiwa hewani halishiki kitu. Rimu ya kiwandani ya inchi 17 ni karibu kilo 10. Rimu nyepesi ya Enkei, aina ya RPF1, ya ukubwa huo ni kilo 7 na kidogo. Mara nne, hizo ni kama kilo 10 za mahali penye maana kuliko pote. Baki kwenye inchi 17, ama ushuke 16 kama breki zinaruhusu, matairi yake huwa mepesi na ya bei nafuu. Usipande 18 kwa ajili ya sura.

Na rimu za kuiga usizikaribie. Zinafanana mpaka maandishi, lakini nimeshika iliyopasuka kuanzia tundu la boliti mpaka ukingoni, kwa shimo ambalo rimu halali ingepinda tu. Mwenye gari alikuwa amembeba mwanawe.

Nahodha wa Mokowe:

Salaam kutoka upande wa Lamu. Gari langu ni Probox tu, lakini mashua za mashindano nimekulia humo, na nataka niongeze jambo kwa aliyoyasema mzee.

Sisi kwenye mbio hatuulizi mashua ina uzito gani tu, tunauliza uzito umekaa wapi. Viroba vya mchanga huhamishwa kila upepo ukibadilika, na watu hutoka nje kwenye ubao kuisimamisha. Uzito ule ule, ukikaa pabaya mashua inalala. Sasa nimepiga hesabu ya hili gari. 86 imegawanyika asilimia 53 mbele na 47 nyuma. Kwa kilo 1,230 ni kama 652 mbele na 578 nyuma. Spea, kiti cha nyuma na sailensa, vyote vya nyuma. Ukitoa kilo 40 zote nyuma, mbele inabeba karibu asilimia 55. Gari limekuwa jepesi lakini pua imezidi. Si itagoma kugeuka?

Fundi wa Kisumu Ndogo:

Nahodha, hesabu yako ni sahihi na nimefurahi umeileta, ndiyo maana nilisema aandike mbele au nyuma. Itagoma kidogo, lakini gari la kilo 1,190 bado litashinda la 1,230 kwenye kona ile ile, kwa sababu matairi ni yale yale na mzigo umepungua. Kinachobaki ni kurekebisha upepo wa matairi, na mlalo wa magurudumu ya mbele, yaani yanavyoegemea ndani kwa juu, uongezwe kiasi. Na tutafute kilo za mbele. Betri ipo mbele. Ile ya kawaida ya gari hili ni kama kilo 15, ya lithiamu huwa 4 au 5.

Barani86:

Ami, nimefanya ulivyosema. Jirani ana mizani ya korosho, tumetundika mambo mpaka magharibi. Sanduku la besi pamoja na amplifaya ni kilo 24! Nimekuwa nikizibeba hizo kila siku. Spea na vifaa 17, kiti cha nyuma 14.

Nina maswali matatu. Betri ya lithiamu itastahimili joto la chini ya boneti huku kwetu? Sailensa nitoe kabisa niweke bomba tupu? Na viti hamjanijibu, wala mikanda ya pointi nne.

Mama Nyali_Garage:

Nijibu la betri, nipo Mombasa na nimeziuza na kuzifunga.

Nunua ya lithiamu chuma fosfati, iliyo na kidhibiti chake ndani, na usiisogeze karibu na bomba la ekzosi. Kinachoziua huku ninavyoona ni kulazwa. Gari lenye alamu likikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, alamu inanyonya, betri ndogo inaisha kabisa, na lithiamu ikiisha kabisa mara nyingi haifufuki. Wewe unaliendesha kila siku, kwa hiyo hilo halikuhusu sana. Angalia pia chaji ya altaneta isipite volti 14.6. Lakini bei yake kwa kilo 10 ni kubwa, mwanangu. Rimu kwanza, betri baadaye.

Sailensa ya nyuma ya kiwandani inakaribia kilo 18. Nzuri ya chuma cha pua inaweza kuwa nusu ya hapo. Bomba tupu usiweke. Kilomita 600 kwenda na 600 kurudi na mngurumo kichwani, utafika husikii hata refa anakuita. Na jirani zako wa Barani wana watoto na wagonjwa.

Fundi wa Kisumu Ndogo:

Amesema kweli dada yangu. Ya viti nimeiacha mwisho makusudi, kwa sababu ndiyo inayoua.

Kiti cha kiwandani ni kama kilo 16. Cha mashindano cha faiba na reli zake kinaweza kukuokolea 6 au 7. Ni kilo nzuri, ziko katikati ya gari. Kama kiti chako cha asili kina eabegi ya ubavuni, ukikitoa umeitoa nayo, na taa ya dashibodi itawaka kukukumbusha. Hilo uliamue ukijua.

Lakini kiti cha mgongo mgumu na mkanda wa pointi nne kwenye gari lisilo na fremu ya chuma ndani, hapana. Mkanda wa kawaida gari likibiringika hukuacha uinamie pembeni paa likibonyea. Wa pointi nne hukushikilia wima, na paa linakuja kukukuta. Tena mwili ukifungwa hivyo, kichwa peke yake ndicho kinachorushwa mbele, ndiyo sababu madereva wa mbio huvaa kishikio cha shingo. Fremu kamili nayo haifai barabarani, maana bila kofia ngumu kichwa kitagonga bomba hata kwa ajali ndogo. Kwa gari linalompeleka mama sokoni, baki na mkanda wa pointi tatu na eabegi zako. Ukitaka kukaa imara kwenye kona, tafuta kiti kinachokumbatia mbavu kinachokubali mkanda huo huo. Vyuma vya ndani ya milango na nyuma ya bampa usivitoboe wala usivitoe, hata mtu akikuonyesha picha.

Sasa jumlisha. Besi 24, spea na vifaa 17 ukishuka uwanjani, kiti cha nyuma 14, petroli 18, rimu 10. Hizo ni 83, na ulichonunua ni rimu tu. Gari lako na ile besi lilikuwa 1,254, sasa ni 1,171; nguvu 200 za farasi zikisukuma la kwanza na zikisukuma la pili ni magari mawili tofauti. Ni kama umeongezewa farasi 14 bila kufungua injini, na breki na matairi yamepona pia, kitu ambacho turbo isingekupa.

Barani86:

Sanduku la besi limeshauzwa leo, fedha yake inaingia kwenye rimu. Nimepata RPF1 za mkono wa pili Nairobi, inchi 17, matundu matano ya boliti kwenye duara la milimita 100. Muuzaji anasema hazijawahi kuchomelewa. Nizikagueje kabla sijalipa?

Fundi wa Kisumu Ndogo:

Mwambie azivue matairi, usinunue rimu iliyovaa tairi. Pitisha kidole ukingo wa ndani wote, hapo ndipo pigo la shimo hujificha. Angalia rangi iliyo mpya sehemu moja tu, mara nyingi imefunika weldi. Kisha kila moja uitundike kwenye mizani: zote nne zikaribiane, kilo 7 na kidogo. Ikifika 9 au zaidi, si yenyewe, rudi nyumbani na pesa yako. Na uulize ofseti kabla ya safari, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa kwenye gari; ya kiwandani ni 48. Ukipata 45 utakuwa salama, ikishuka sana itagusa fenda kwenye matuta ya Gede.