Naombeni ushauri, presentesheni ya vita ya Iran na Iraq nianzie wapi?

Wakuu heshima kwenu, nina presentesheni wiki ijayo ya vita ya Iran na Iraq na nimepewa dakika 15 tu, sasa kichwa kinaniuma. Wenzangu kwenye grupu wanataka tuanze na mapinduzi ya Iran ya 1979, Shah (mfalme wa Iran) kakimbia Khomeini (kiongozi wa dini) karudi, halafu wale Wamarekani 52 walioshikiliwa kule Tehran siku 444 mpaka Algeria ikaingia kati wakaachiwa Januari 1981. Mi naona tukianza hivyo muda unaishia hukohuko hata Saddam, rais wa Iraq, hajaivamia Iran. Ningependa tuanze na mkataba wa Algiers wa 1975 kuhusu mpaka wa mto Shatt al-Arab, maana Saddam aliusaini mwenyewe halafu akauchana mwenyewe Septemba 1980 akaingiza jeshi.

Kingine, 1982 Iran walishaikomboa Khorramshahr (mji wao uliotekwa na Iraq), kwanini wasimalizie pale wakapigana mpaka 1988? Azimio 598 la UN la kusitisha vita lilipita 1987, Iran wakalikubali mwaka mmoja baadae, na mpaka ukabaki palepale (inauma kwakweli). Niifanye hii ndo kiini cha mada au nitaonekana nimeacha mapinduzi? Waliosoma historia nisaidieni, na mwalimu wetu anapenda sana maswali ya kushtukiza.